Niliingizwa, Nikaingiza

Jumamosi moja ya Julai, ukungu ukiwa bado umelalia mabati ya Majengo, Nyeri, nilimkuta mjukuu wa shangazi yangu akilia juu ya daftari lake la Kiingereza. Mwalimu alikuwa amewapa sentensi ya kufasiri: "The old woman was taken in by the stranger." Msichana yule, wa gredi ya sita, alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri: "Bibi kizee alikaribishwa na mgeni." Mwalimu alipiga mkato mwekundu, na pembeni akaandika neno moja tu: "Alidanganywa."

Hakuwa akililia alama. Alikuwa amefungua kamusi ya shule kama alivyofundishwa, akatafuta "take in", akakuta kwamba ni kumpokea mtu nyumbani na kumpa pa kulala. Akaandika alichokisoma. Sasa alitaka mtu amwonyeshe kosa lake liko wapi, na mimi niliyedhani najua nikajikuta namzungusha kwa maneno.

Shangazi alikuwa mlangoni kwenye cherehani yake, anabana kiuno cha sketi ya sare. Alisimamisha gurudumu kwa kiganja, akaliomba daftari, akavaa miwani. Akasoma sentensi, akasoma jibu la mtoto, akasoma la mwalimu.

"Wote wawili wamepata," akasema. "Mimi nilikaribishwa kwanza. Kudanganywa kulifuata baadaye."

Kisa chake wengi wa Majengo wanakijua, kwa kuwa yeye mwenyewe hukisimulia. Nimekiomba, amenipa, ila jina lake na majina ya wale waliomdanganya nimeyaacha kwa sababu zangu. Kabla ya kukifikia nataka tukae kidogo na lile neno la daftarini, maana siku ile nilikuja kuamini kwamba funzo zima limo ndani yake.

Mwingereza ana vitenzi vya namna hii vingi, kitenzi kidogo cha kawaida kikiongozana na kijineno kimoja, na maana ikahama isikotegemewa. "Take" ni kuchukua, "in" ni ndani. Lakini viweke pamoja uone. Fundi akibana nguo iliyompwaya mtu, kama alivyokuwa akifanya shangazi dakika ile ile, Mwingereza husema "take in". Mtu akisikiliza habari nzito ikamwingia akilini, ni "take in". Akipokea mpita njia usiku wa mvua, ni "take in". Na akilaghaiwa akaamini uongo wote, basi yeye ndiye aliyekuwa "taken in". Hapo mara nyingi neno huja katika kauli ya kutendwa, na kinachofuata baada ya "by" huweza kuwa mtu, huweza pia kuwa tabasamu lake, suti yake, au ahadi yake. Muuza nyanya akikupunja chenji sokoni huwezi kulitumia neno hili. Hapo umeibiwa tu. Ili uwe "taken in" sharti uwe umeamini. Uwe umevuka kizingiti kwa miguu yako mwenyewe.

Tazama sasa lugha yetu. Tunasema fulani ameingia mkenge. Ndugu zetu wa Tanzania husema ameingizwa mjini. Anayenasa, kaingia mtegoni. Lugha mbili zisizo na undugu zimechagua picha moja: mlango, na mtu anayeongozwa kuupita. Katika kuingizwa mjini mimi humwona mgeni kashuka stendi na mzigo wake, na mwenyeji anamkimbilia kwa uso mkunjufu, anampokea begi, anamwambia asiwe na wasiwasi, mimi hapa ndipo kwangu. Bila ukunjufu ule hakuna aliyeingizwa popote.

Na Majengo ni mahali pazuri pa kulitafakari neno karibu. Karibu kila mji wa bara una Majengo yake. Nanyuki wanayo, Meru wanayo. Mingi ya mitaa hii ilianzia kwa askari, wapagazi na wachuuzi Waislamu waliopanda huku na misafara na serikali ya kikoloni, wakaoa, wakabaki, na Kiswahili chao kikabaki nao katikati ya nchi ya Wakikuyu na ya Wameru. Wazee wetu walikuwa wageni waliopokewa. Mtu wa mtaa kama huu akifunguliwa mlango hushukuru upesi, na akibisha mwingine kwake hufungua upesi. Ni tabia njema, na sitaki iishe. Ila ndiyo iliyomgharimu shangazi.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 2007, msimu wa sare za shule. Akaja mwanamke mmoja aliyevaa vizuri, mwenye kusema taratibu, akaleta vitambaa vya watoto wawili. Hakubishana bei. Siku ya kuchukua alizigeuza nguo nje ndani, akazitazama mishono, akasema: "Mama, mkono kama huu haufai kukaa mlangoni." Wiki iliyofuata alirudi bila kitambaa, amekuja kusalimia tu. Alikunywa chai. Akauliza habari za mguu uliokuwa ukimsumbua shangazi. Hakutaja pesa hata mara moja.

Mara ya tatu ndipo alipotaja ofisi. Ilikuwa mjini, ghorofani, na shangazi alipanda ngazi zile akiwa na buibui lake jipya. Hadi leo akisimulia, hapo ndipo anapokawia. Mlangoni palikuwa na zulia. Msichana alimpokea mwavuli. Chai ilikuwa ya maziwa, ina tangawizi, imeletwa kwenye kikombe chenye kisahani. Kikao kilifunguliwa kwa dua. Na walipotambua kwamba ni Mwislamu, walisogeza ratiba ili isigongane na adhuhuri, wakamwonyesha chumba cha kuswalia, wamekwisha kutandika mkeka.

"Mwanangu," aliniambia, "nimekaa mji huu tangu kuzaliwa. Nimesubiri kwenye ofisi za kila namna. Hakuna ofisi iliyowahi kunisubiri mimi."

Nilipoisikia sentensi hiyo nilielewa. Kabla ya hapo, kama wengi, nilidhani tamaa ndiyo iliyompeleka. Tamaa huenda ilikuwemo, maana nani hapendi shilingi yake izae? Lakini kilichomvuta ni ule mkeka. Alipewa heshima aliyostahili kupewa miaka yote, na waliompa ndio waliokuwa wanamwibia.

Aliweka shilingi 5,000. Baada ya wiki sita akapewa 7,500, noti mpya, mkononi, mbele ya wenzake, wakapiga makofi. Akaweka 40,000, akiba ya cherehani ya pili. Hapo wakampandisha cheo: akawa kiongozi wa kundi, na kiongozi hana budi kuwa na watu. Shangazi alikuwa katika chama cha akina mama, mzunguko wa kila Ijumaa ambao ulikuwa umedumu miaka bila mtu kukimbia na pesa ya mwenzake. Aliwapeleka ghorofani kumi na mmoja. Hakulipwa chochote kwa kuwapeleka. Aliwapeleka kwa kuwa anawapenda, hakutaka faida imfikie yeye na iwapite wao.

Jumatatu moja ngazi zilikuwa zile zile lakini mlango ulikuwa na kufuli. Zulia halikuwepo.

Wanawake hawakwenda polisi kwanza. Walikuja barazani kwake. Alikuwepo mjane aliyekuwa ameweka karo ya mwanawe, na shangazi anasema huyo hakumtukana, hakulia, aliuliza swali moja tu: "Dada, wewe ulijua?"

Akifika hapo hunyamaza, kisha husema maneno mawili ambayo nimeyafanya kichwa cha makala haya. Niliingizwa, nikaingiza. Mwizi wa mfukoni huiba na kukimbia, na aliyeibiwa hubaki ameibiwa, basi. Matapeli wa namna hii humgeuza aliyelaghaiwa akawa mlango. Hawana haja ya kuzunguka nyumba kwa nyumba Majengo, ambako wangeulizwa wewe ni nani. Wanamhitaji mtu mmoja anayeaminika, wamwaminishe kwa kweli, kisha waache uaminifu wake ufanye kazi. Na atakavyozidi kuwa mkweli ndivyo atakavyowafaa. Mwongo angezua maswali usoni mwa wenzake. Mkweli hana cha kuficha.

Hakuwa peke yake. Mipango ya aina hii ilienea Kenya nzima katika miaka ile ya 2006 na 2007, na jopo kazi lililoundwa na serikali, likiongozwa na Francis Nyenze, lilitoa ripoti mwaka 2009: watu wapatao 148,000 walikuwa wamepoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Tanzania nako, mwaka huo huo wa 2009, serikali iliusimamisha mpango wa DECI, ambao haukusema watu wawekeze bali wapande mbegu kisha wavune. Neno la shambani na la kanisani, lililochaguliwa kwa uangalifu mkubwa. Hila yenyewe ni kuukuu. Charles Ponzi aliifanya Boston mwaka 1920, akiahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45, na kuwalipa waliotangulia kwa pesa za waliofuata.

Wanaofuata wataisha tu, hata pasiwe na ubaya mwingine. Shangazi sasa huwafanyia hesabu hii watoto kwa vifungo vya shati. Mmoja anawaleta wawili, kila mmoja wa hao anawaleta wawili. Wawili, wanne, wanane, kumi na sita. Mezani vifungo vinaisha mapema, kwa hiyo anamalizia kwa kalamu. Hatua ya 20 inataka watu wapya 1,048,576. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu kaunti yote ya Nyeri, pamoja na watoto wachanga, ikapata watu 759,164.

Nimesema kwamba Majengo ni mahali pazuri pa kulitafakari neno karibu. Niseme na la mji wenyewe, kwa sababu watoto wetu hupita Nyeri kila siku bila kuambiwa mji huu uliasisiwa na mtu wa namna gani. Ngome iliyouanzisha, mwaka 1902, ilijengwa chini ya Richard Meinertzhagen, ofisa wa jeshi la King's African Rifles aliyekuwa na umri wa miaka 24. Miaka mitatu baadaye, tarehe 19 Oktoba 1905, katika nchi ya Wanandi, ofisa huyo huyo alikwenda kukutana na Koitalel arap Samoei, Orkoiyot, yaani kiongozi wa kiroho, aliyekuwa amewaongoza Wanandi kuipinga serikali na reli yake kwa takriban miaka kumi. Miadi ilikuwa ya kuzungumza amani. Koitalel aliuawa kwa risasi pale pale, pamoja na wengine waliofuatana naye. Meinertzhagen alidai kwamba alikuwa anajihami, na mabaraza ya uchunguzi yakamwondolea lawama. Wanandi husimulia mkono ulionyooshwa kwa salamu. Fimbo za uongozi za Koitalel zilikaa Uingereza takriban karne moja, zikarudishwa Kenya mwaka 2006.

Sidhani kwamba Koitalel alikuwa mjinga. Mtu aliyepigana miaka yote ile hakuwa mjinga. Aliitwa kwa jina la amani, na jina hilo lina haki yake: mtu akiliitikia, ameitikia jambo jema. Ndiyo maana wabaya hulitumia.

Kisa cha Meinertzhagen hakiishii hapo, na sehemu inayobaki ndiyo inayomhusu shangazi yangu kuliko anavyodhani. Mtu huyu aliishi hadi mwaka 1967, akiwa na sifa tele: askari, jasusi, na mjuzi mkubwa wa ndege. Nguruwe mkubwa wa misitu yetu ana jina lake katika Kilatini cha sayansi. Mwaka 1954 aliikabidhi makumbusho ya London ngozi za ndege zipatazo 20,000, kila moja na kibandiko chake: imepatikana wapi, lini. Vitabu vya ndege vya Asia viliandikwa kwa kuvitegemea vibandiko hivyo. Mwaka 1993 mtafiti Alan Knox alionyesha kwamba baadhi yake vilikuwa vya uongo. Baada yake Pamela Rasmussen na Robert Prys-Jones wakachunguza moja baada ya nyingine, wakagundua kwamba ndege wengi walikuwa wameibwa kutoka makusanyo ya watu wengine, makusanyo ya makumbusho ile ile yakiwemo, wakabandikwa mahali na tarehe za kubuni. Bundi mmoja mdogo wa misitu ya India alitafutwa mahali asipoishi kwa sababu ya kibandiko kimoja kilichosema alipigwa Gujarat mwaka 1914. Rasmussen na wenzake walipokipuuza kibandiko kile wakaenda kwingine, Maharashtra, mwaka 1997, wakamkuta yu hai, wakati wanasayansi hawakuwa na ushahidi wa kweli wa kumwona tangu mwaka 1884.

Hapa pananiuma. Wako waliomshuku mapema. Makumbusho ile iliwahi kumfungia chumba cha ndege kwa sababu ya vitu vilivyotoka bila ruhusa, tena yeye akiwa bado mtu wa makamo. Lakini alirejeshwa, na minong'ono ikabaki minong'ono. Alikuwa mzee wa heshima, ametoa zawadi kubwa, na nani angependa kuandika kwamba taasisi nzima ya mabingwa ilichezewa shere? Ilibidi afe, na ipite robo karne tangu afe, ndipo likaandikwa waziwazi. Uongo ule ulilindwa na aibu ya waliodanganywa.

Ndivyo ilivyokuwa Majengo. Baada ya kufuli lile shangazi alifunga mlango wake miezi miwili, akasema anaumwa. Yule mjane naye hakuwaambia ndugu zake. Mwingine alimficha mumewe, na nyumba ile ilikaa na neno lisilosemwa mpaka likaivunja. Kumi na wawili wale walijua kila kitu: sura, sauti, namna zulia lilivyotandikwa, dua iliyosomwa. Hawakumwambia mtu. Baadaye shangazi alikuja kusikia kwamba watu wale wale, kwa jina jingine, walikuwa wamefungua ofisi katika mji mwingine chini ya mlima huu huu. Ilikuwa ndani ya ile miezi miwili.

Kiswahili kina utajiri hapa ambao Kiingereza hakina, na nimemwambia mjukuu wa shangazi aandike haya nyuma ya daftari. Kuna kudanganywa na kuna kudanganyika. Ukisema "alidanganywa", macho yote yanamtafuta aliyetenda: nani alimdanganya? Ukisema "alidanganyika", mtendaji anatoweka, na macho yanabaki kwa aliyepatwa, kana kwamba ni kikombe kilichovunjika chenyewe. Vivyo hivyo kuhadaiwa na kuhadaika. Kauli zote mbili ni sahihi katika sarufi, na kila moja ina mahali pake. Mtu anayejichunguza moyoni ana haki ya kusema nilidanganyika. Lakini sikiliza jinsi mtaa unavyozitumia. Mwizi akivunja duka tunasema duka limevunjwa, na tunamtafuta mwizi. Mama akilaghaiwa tunasema amedanganyika, na tunamtazama mama. Tunamwuliza alikuwaje asione. Swali hilo, hata likiulizwa kwa huruma, humfundisha kunyamaza.

Mwalimu wa mtoto yule aliandika "alidanganywa". Nampa heshima yake kwa hilo. Alichagua kauli inayomtafuta mgeni.

Hila zimehama ghorofani zikaingia kwenye simu, ila mlango ni ule ule. Ujumbe unakuja kwamba umepokea pesa, halafu simu inalia: mtu anahema, anasema ametuma kimakosa, ilikuwa ya mgonjwa aliye hospitalini, tafadhali mama nirudishie. Ukitazama vizuri, ujumbe wenyewe umetoka kwa namba ya mtu binafsi, na salio lako halijaongezeka hata senti. Anayenaswa hapo ananaswa na huruma. Alikuwa anarudisha mali ya mwenzake. Jibu ambalo shangazi amewafundisha akina mama wa mzunguko halina ukali wowote: "Pole sana. Peleka ule ujumbe wako wa kutuma kwa 456, kampuni ya simu itakurudishia." Aliyekosea kweli hushukuru na kufanya hivyo. Mwingine hukata simu, au hutukana.

Hilo jibu nalipenda kwa sababu halifungi mlango. Kwa miaka mingi nilidhani funzo la kisa cha shangazi ni kuwa mgumu, kutomwamini mtu, kupokea wageni kwa shingo upande. Wapo waliotoka katika mambo kama yale wakawa hivyo, na siwalaumu. Yeye hakuwa. Anayekuja kwake bado anakunywa chai. Lakini akitajiwa faida, huuliza kwa upole ule ule wa kuuliza habari za nyumbani: hiyo pesa inatoka wapi? Inauza nini, kwa nani? Mtu akimjibu kwa kumsifu, akamwambia mama wewe una akili ya biashara, yeye huuliza tena. Zamani kilemba kile cha sifa alikivaa. Siku hizi anakiona kabisa kuwa ni cha ukoka, anakishusha mezani, anangoja jibu.

Na hamalizi hapo. Kila Januari, msimu wa sare, baraza lake likijaa akina mama na watoto wa kupimwa, hukisimulia kisa chote. Risiti ya 40,000 ameibandika ukutani juu ya cherehani, na muhuri wake wa rangi ya buluu bado unasomeka. Anaeleza zulia, chai, mkeka. Anaeleza kumi na mmoja. Wale kumi na mmoja aliwashonea watoto wao bila kuchukua ujira wa mkono wake, mwaka baada ya mwaka, mpaka mtoto wa yule mjane alipomaliza kidato cha nne. Hakuna aliyemdai. Mara ya kwanza aliposimulia mbele ya watu, ananiambia, sauti ilimkauka akashindwa kufika kwenye kufuli. Mjane ndiye aliyemalizia. Na kabla baraza halijatawanyika, mwanamke mmoja wa mtaa wa juu, ambaye hakuna aliyejua kwamba naye yamemkuta, akaanza kueleza la kwake. Lilikuwa la mwezi ule ule. Ofisi bado ilikuwa wazi, na mara hii walikwenda polisi siku hiyo hiyo, wanawake saba, na vitambulisho vyao mkononi.

Ukungu ulikuwa unaanza kupanda tulipokuwa tumefika hapo. Mtoto alikuwa ameacha kulia zamani. Alikuwa amefuta sentensi yake, kalamu imekaa juu ya mstari mtupu.

"Nyanya, sasa niandike nini? Alikaribishwa au alidanganywa?"

"Andika yote mawili, kwa mfuatano wake. Alikaribishwa, akadanganywa."

Akaandika. Kisha shangazi akainama, akaweka kidole mwanzoni mwa mstari, pale palipoandikwa bibi kizee.

"Na hapa futa," akasema. "Huyu ana jina. Andika langu."